Kama Jibu, Basi Ameridhia

Mwasiti alikuwa na neno moja tu la kusema siku ya ndoa yake, na neno lenyewe lilikuwa hapana. Alilitunza tangu posa ya Abdulkarimu ilipofika nyumbani kwao Mikindani, akalitunza watu walipokula halua ya posa, na akaendelea kulitunza kina mama walipoanza kumpima nguo.

Abdulkarimu alikuwa na majokofu ya samaki, nyumba ya mawe iliyokarabatiwa ikakarabatika, na ndevu zilizokatwa kwa ufundi. Alikuwa pia na mke wa kwanza aliyerudi kwao Lindi akisikia kwa sikio moja. Watu walisema ni homa. Homa gani hiyo yenye kiganja na vidole vitano, hakuna aliyeuliza, maana aliyekuwa akiuliziwa ni mwanamke na aliyekuwa akiulizwa ni mwenye majokofu. Mwasiti alimwambia baba yake mdogo Rajabu, ambaye ndiye aliyekuwa walii wake tangu baba mzazi afariki, kwamba hamtaki mtu yule. Alimwambia usoni, mchana, bila kulia. Baba mdogo alicheka mpaka akashika kiuno. Akasema hajaona mwali aliyesema ndiyo siku ya kwanza, hata marehemu mkewe alijifungia chooni. Mwasiti aliposhikilia, akaacha kucheka. Akasema basi, siku ya siku ataulizwa mlangoni mbele ya mashahidi, na kama ana ubavu huo aseme atakalo.

Hapo ndipo Mwasiti alipoweka tumaini lake lote. Alimwendea hata sheikh atakayefungisha, akamuuliza, na sheikh akamthibitishia kwamba bila ridhaa yake hakuna ndoa. Kwa hiyo mara moja katika maisha yake ataulizwa kwa haki, na jibu lake litakuwa na nguvu ya kuwarudisha wanaume wote msikitini mikono mitupu.

Lakini sharti neno lifike. Kwao bibi harusi hukaa ndani na kina mama, pazia limeshushwa, na walii husimama nje ya mlango na mashahidi wawili, akauliza. Mwali akinyamaza, kimya chake ni ridhaa. Hilo hata mtoto wa madrasa analijua. Akisema, sauti yake haitakiwi kutoka nje kwa wanaume. Humwambia somo wake, mwanamke mzima anayemsimamia, sikioni, na somo ndiye anayelitoa neno kwa sauti. Somo ndiye mdomo. Asemalo somo ndilo mashahidi wanalolibeba, na wakishalibeba limekwisha.

Somo wa Mwasiti alikuwa mama yake mkubwa, Bi Hadija wa Msimbati, na kwa hilo Mwasiti alimshukuru Mungu kila alipolala. Mama mzazi alipofariki, Bi Hadija ndiye aliyemchukua angali mtoto wa kubebwa, akamlea pamoja na mwanawe wa pekee, Fadhili. Walilala mkeka mmoja, wakala sahani moja, wakagombea kichwa kimoja cha pweza. Fadhili alikufa kwa homa kabla ya kuingia jando, akazikwa nyuma ya nyumba chini ya minazi, na Bi Hadija akaokota mawe meupe ya matumbawe ufukweni, akayapanga kulizunguka kaburi. Tangu hapo Mwasiti alikuwa mtoto wote wawili. Aliitwa mama asubuhi na kuitwa baba jioni, akasomeshwa kwa korosho na kwa mihogo mikavu, mpaka chuo, ndipo akahamia Mikindani kwa baba mdogo. Alipokwenda Msimbati kumweleza habari ya Abdulkarimu, Bi Hadija hakucheka. Alisafisha dagaa mpaka wakaisha ndipo akasema.

"Ukisema ndiyo, nitasema ndiyo. Ukisema hapana, nitasema hapana. Mimi ni mdomo wako tu, sitatia chumvi."

Mwasiti akarudi mjini akiwa mwepesi.

Kazi yake ilikuwa Mtwara mjini, katika ofisi ya Godfrey, chumba kimoja na kiyoyozi kibovu juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Aliandika programu za kompyuta, naye alijua kazi. Alijua pia kwamba anajua, na hilo halikumsaidia. Godfrey alikuwa amepata kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Barabara ya kwenda kwenye visima vya gesi ilitakiwa kupanuliwa, na upanuzi wenyewe ungepita Msimbati katikati ya mashamba, mikorosho na makaburi ya zamani. Kila familia yenye kitu njiani ilitakiwa iulizwe kama inaridhia. Yule asiyeridhia, barabara ingemzunguka. Nafasi ya kuzunguka ilikuwepo, wakubwa wa mradi walishasema.

Mikutano ya hadhara ilishindikana. Mwenyekiti aliuliza mmekubali, watu wakatazama michanga, akauliza tena, wakakohoa, mkutano ukafungwa. Ndipo Godfrey akapata wazo la kuwauliza kwa simu, kila mtu peke yake, bila mwenyekiti kumkodolea macho. Ujumbe uingie, mtu aandike NDIYO au HAPANA, mashine ihesabu. Mwasiti alilipenda wazo hilo kuliko hata mwenyewe Godfrey. Kila mtu na sauti yake, alisema, na alisema kwa moyo.

Sasa sikiliza alivyoandika, maana hapa ndipo maji yalipomwagika. Zipo lugha za kompyuta ambazo hazikubali mafumbo: ukitaka ziamue ndiyo au hapana, sharti useme wazi unalinganisha nini na nini. Na zipo nyingine, kama hii aliyoitumia Mwasiti, ambazo hukuachia. Unaipa kitu chochote mahali panapotaka ndiyo au hapana, nayo inakigeuza yenyewe kimyakimya. Haikisomi kitu hicho. Inakipapasa tu, kama mtu anayepapasa mfuko gizani: kuna kitu ndani, ni ndiyo, mfuko mtupu, ni hapana. Mwasiti aliandika mstari mmoja, mfupi na mzuri: kama jibu, basi ameridhia. Godfrey aliupitia akamwambia aseme wazi, aandike kama jibu ni NDIYO. Mwasiti akamjibu kwamba huko ni kurefusha maneno kama hotuba ya diwani, lugha inaelewa. Godfrey alikuwa na simu mbili masikioni. Akaachia.

Wala usidhani alikuwa mjinga. Aliandika vile kwa sababu aliwajua watu wake. Mtu wa Msimbati akikataa, hakuambii hapana. Atanyamaza, atakwambia tutaona, ataaga aende zake, nawe ukiwa na akili utaelewa. Aliyekataa hatajibu ujumbe, Mwasiti alifikiri. Atakayejibu ni aliyekubali. Akaijaribu programu kwa simu yake mwenyewe, akaandika NDIYO, ikahesabu sawasawa. Akachukua simu ya ofisi akaiacha bila kujibu, ikahesabu sawasawa. Kuandika HAPANA hakujaribu. Haikumpitia akilini kwamba yupo mtu kule kijijini atakayekaa chini akaliandika neno lile herufi kwa herufi.

Na aliyemfundisha mtu huyo ni yeye mwenyewe. Mstari wa barabara ulipita nyuma ya nyumba ya Bi Hadija, juu ya mawe meupe. Ijumaa moja Mwasiti alikwenda Msimbati, akamkalisha mama yake mkubwa kibarazani na kiswaswadu chake chenye vitufe vilivyofutika, akamwonyesha mahali pa kuandika. Bi Hadija alijifunza kusoma kwenye ngumbaru, ukubwani, na kidole chake kilikuwa kizito. Alisema yeye hataandika kitu, atanyamaza kama alivyonyamaza mkutanoni, wataelewa.

"Mama, safari hii usinyamaze," Mwasiti alimwambia. "Ukinyamaza watakutafsiri wapendavyo. Andika neno lako, wasiwe na la kusema."

Alimaanisha. Mtu anaweza kuandika jambo moja ofisini na kusema jingine kibarazani, na mambo hayo mawili yasikutane kichwani mwake mpaka yamgonge.

Ujumbe ulipoingia, Bi Hadija aliacha chungu jikoni, akakaa, akaandika. Aliandika hapana, kisha akaona neno hilo liko peke yake mno, kama amewatukana watu wa mradi, akaongeza: mwanangu amelala hapo. Wali uliungua. Baadaye simu ikalia, na jibu la mashine likasema asante, umeridhia kuhamishwa kwa kaburi. Alilisoma mara kadhaa akidhani ni macho. Asubuhi akapanda gari la kwanza kwenda mjini.

Alipanda ngazi za duka la vipuri akiwa na kanga ya kutokea, akakaribishwa kiti, akakataa soda. Mwasiti alimsalimia kwa furaha, akadhani ni mambo ya harusi. Bi Hadija akampa simu. Mwasiti alisoma lile neno kubwa na maneno madogo yaliyolifuata, akafungua kompyuta yake, akalitafuta jina. Kando ya jina pameandikwa AMERIDHIA. Akajua papo hapo. Kitu cha kwanza alichokifikiria, Mungu amsamehe, si kaburi. Alimfikiria Godfrey.

Akaanza kueleza, na akaeleza vizuri, kwa upole wa mwalimu. Mashine haikulisoma neno lenyewe, alisema, iliangalia tu kama kuna neno. Bi Hadija akamsikiliza mpaka mwisho.

"Niliandika hapana," akasema.

"Ndiyo, mama. Lakini uliandika."

"Na ningenyamaza?"

Mwasiti akatazama kiyoyozi. "Ungehesabiwa umekataa."

Bi Hadija alikunja kanga yake mapajani, akaikunjua, akaikunja tena. Akauliza kama walioandika hapana ni yeye peke yake. Mwasiti akasema wapo wengine, wachache. Akauliza kama hao nao wameridhia. Mwasiti akasema atalishughulikia, aende nyumbani asiwe na wasiwasi. Akamsindikiza hadi stendi, akamnunulia maandazi ya njiani.

Godfrey aliposikia alifunga mlango. Hakupiga kelele, si tabia yake. Alisema matokeo ya Msimbati yameshapelekwa, yameshapigiwa makofi, na mradi umeshaipa ofisi yake vijiji vyote vilivyobaki mpaka mdomo wa Ruvuma. Wakimrekebisha mmoja watalazimika kusema kwa nini, na wakisema kwa nini wataulizwa ni nani aliyeandika. Hakumtisha. Alimkumbusha tu kwamba alimwambia aseme wazi, na kwamba mwezi ujao alikuwa anafikiria kumpeleka Dodoma kusimamia ofisi mpya.

Dodoma. Mwasiti alilishika neno lile kwa mikono miwili. Maana alishapiga hesabu ya siku ile ya mlangoni: akishasema hapana na wanaume wakarudi msikitini, baba mdogo Rajabu atamtupia sanduku lake barabarani kabla chakula hakijapoa, na hakuna nyumba Mikindani itakayomfungulia mlango binti aliyewaaibisha watu. Bila kazi, hapana yake ingekuwa na maisha ya siku chache, kisha angerudi kupiga magoti. Akiwa na kazi, angepanda basi. Kwa hiyo palikuwa na hapana mbili mezani, ya mama yake na ya kwake, na mkono wake ulikuwa juu ya vitufe.

Kulibadilisha jina la Bi Hadija kulitaka kubonyeza mara moja. Hakubonyeza. Alifungua ule mstari wake mzuri, akaandika upya: kama jibu ni NDIYO, basi ameridhia. Akaijaribu kwa HAPANA, ikakataa sawasawa, akaijaribu kwa herufi ndogo, kwa maneno marefu, ikakataa zote. Chai yake ilikuwa bado ya moto. Vijiji vilivyobaki vingeulizwa kwa haki, watu asiowajua wangesikilizwa hadi nukta ya mwisho. Msimbati aliiacha ilivyo. Jioni akampigia Bi Hadija, akamwambia imeshapita, mama, mashine ikishahesabu haiwezekani kurudisha nyuma.

"Haya," Bi Hadija akasema.

Siku ya kufukua, Mwasiti aliomba ruhusa akaenda, na usimsifu kwa hilo. Kukaa mjini kulimtisha zaidi. Mradi ulileta sheikh wa kukodi, sanda mpya na vijana wenye majembe. Ulileta pia tingatinga, kwa ajili ya minazi tu, walisema. Lakini mizizi ya minazi haikuwa imeambiwa iishie wapi, na ulipong'olewa mnazi wa kwanza, nusu ya mawe meupe yalikwenda nao. Vijana wakasimamisha mashine, wakaomba radhi, wakashuka na majembe. Mifupa ya mtoto ni michache. Waliikusanya kwenye sanda iliyokatwa kwa kipimo cha mtu mzima, na kitambaa kingi kikabaki kimelegea.

Sheikh alikwishaanza dua Bi Hadija alipoona kitu kwenye mchanga uliomwagwa na tingatinga. Alipiga magoti pale kwenye mchanga, akachakura kwa vidole, akatoa kitu kidogo cheupe, akakipangusa kwa upindo wa kanga. Akachakura tena. Watu wakangoja, kijana mmoja akatazama saa. Vingine vilikuwa mifupa na vingine vilikuwa vipande vya matumbawe, na kwa udogo ule havikutofautiana, hata yeye mwenyewe hakujua tena anaokota nini. Akavitia vyote kwenye sanda.

Walipomaliza kuzika upya, kule kwenye makaburi mapya kusiko na mti hata mmoja, alimgeukia Mwasiti. Mchanga ulikuwa umemganda mpaka kwenye viwiko.

"Nakuuliza mara moja tu. Ungeweza kuirudisha?"

Mwasiti alifungua mdomo. Alikuwa na uongo wake tayari, aliutumia kwenye simu na ungefaa tena. Lakini mikono ile ya mchanga ilimzuia, na ukweli nao haukutoka. Akanyamaza. Bi Hadija akangoja kidogo, akatikisa kichwa kama mtu aliyejibiwa, akaenda kunawa.

Siku zile zilizobaki Mwasiti hakupata usingizi. Si kwa ajili ya Fadhili, ingawa Fadhili naye alikuja mara moja ndotoni akimdai kichwa cha pweza. Aliogopa kwamba Bi Hadija hatakuja, na asipokuja atawekewa somo mwingine, shangazi fulani wa ukoo wa baba anayemcha Rajabu kama radi. Lakini siku ya kusinga, Bi Hadija alifika Mikindani na furushi lake. Alileta doti za kanga, udi, na liwa, unga wa msandali aliousaga mwenyewe. Aliwafukuza wasichana chumbani akambakiza mwali wake, akamsinga kuanzia nyayo hadi shingoni kwa mikono ileile, polepole, bila kumuumiza. Mwasiti akalia kwa nafuu. Akamwambia kila kitu, Godfrey, Dodoma, kitufe kimoja ambacho hakukibonyeza. Akamwambia kwa nini. Akamuuliza, mama, umenisamehe?

Bi Hadija hakujibu. Aliendelea kusinga, akamgeuza upande wa pili, akamsinga na huko.

Na Mwasiti, mtoto wa Msimbati, aliyejua kuliko mtu yeyote kwamba watu wa kwao wakikataa hawasemi, aliyeandika programu nzima juu ya elimu hiyo, alikichukua kimya kile akakihesabu kuwa ni ndiyo. Alikihitaji kiwe ndiyo. Usiku ule alilala fofofo.

Siku ya ndoa ilikuwa Ijumaa baada ya sala ya adhuhuri. Chumba kilijaa kina mama, jasho na udi. Mwasiti alikaa juu ya mkeka mpya, mikono imejaa hina, kichwa kimefunikwa kanga, moyo umetulia. Sanduku lake dogo lilikuwa kwa rafiki yake mjini, na tiketi ya basi ya asubuhi ilikuwa ndani ya sanduku. Bi Hadija alikaa ubavuni pake, goti kwa goti. Kelele za nje zikapungua. Viatu vikavuliwa mlangoni, na kivuli cha wanaume watatu kikaingia chini ya pazia.

Baba mdogo Rajabu alikohoa. Akauliza kama inavyoulizwa, kwa jina lake na jina la baba yake, kama anaridhia kuozeshwa kwa Abdulkarimu kwa mahari iliyotajwa. Alingoja kidogo tu. Alikuwa na uhakika wa kimya.

Mwasiti aliinamia sikio la mama yake mkubwa. Hakunong'ona sana, hata wanawake wa mbele walisikia.

"Hapana," akasema. "Mwambie hapana. Simtaki."

Bibi mmoja alishika mdomo. Bi Hadija alibaki ameinama hivyohivyo, kama bado anasikiliza, kama neno lilikuwa na mkia na mkia haujaingia. Kisha akainua kichwa, akatoa sauti yake ya kuitia watu wa ng'ambo ya shamba.

"Amejibu."

Nje wakanong'onezana. Sauti ya shahidi mmoja ikauliza, amejibu nini, Bi Hadija?

"Amejibu," Bi Hadija akasema tena. "Ameridhia."

Kigelegele kilianzia kwa yule bibi aliyeshika mdomo, maana alikuwa amekibana na woga ulipomtoka kikatoka nao, wengine wakapokea, ngoma ikaingia. Mwasiti alisimama. Alipiga ukelele kwamba amesema hapana, akalisema tena na tena, akavuta kanga kichwani. Mikono ya kina mama ikamkalisha, mikono mingi, laini, yenye bangili. Walimwambia ndiyo mwanangu, lia, sote tulilia. Nje baba mdogo Rajabu aliwaambia mashahidi kwamba mwali anamlilia marehemu mama yake, na mashahidi wakasema Mungu amrehemu, wakavaa viatu. Wenye elimu zao watasema angekimbia, angekwenda kwa sheikh, angekwenda mahakamani. Wenye elimu hawajawahi kukalishwa chini na wanawake wa ukoo mzima siku ya ndoa.

Viatu vilipotea uchochoroni kuelekea msikitini. Mwasiti alimshika Bi Hadija mikono yote miwili, akaitikisa.

"Mama. Nilisema hapana. Ulinisikia."

"Nilikusikia."

"Uliniahidi."

"Nilikuahidi, mwanangu. Nami nilikuambia wewe hapana, kwa maandishi." Hakuwa amekasirika, macho yake yalikuwa makavu na yamechoka. "Ungenyamaza, wangesema umeridhia. Umejibu, umeridhia. Sasa niambie wewe uliyesoma, mtu wa kwetu asemeje ndipo ahesabiwe amekataa?"

Bi Hadija akaitoa mikono yake, akaiokota kanga iliyoanguka, akaikung'uta, akamfunika tena kichwa akiiweka sawa pande zote mbili. Ilibaki harufu ya liwa.

Kipaza sauti cha msikitini kikakwaruza, kikatulia. Mji mzima wa Mikindani ulimsikia sheikh akimuuliza Abdulkarimu kama amekubali kumuoa Mwasiti. Abdulkarimu akajibu kwamba amekubali. Sheikh akamuuliza tena, kwa sababu ndoa ni jambo zito na ni lazima mtu aseme wazi, wote wasikie. Akasema tena, neno kwa neno, na neno lake likachukuliwa kama alivyolisema.